Si Kila Kichungu ni Kwinini

Katika gazeti letu la chama huwa tunapata mashairi tele, hadithi na vitendawili, lakini makala za elimu huwa chache. Basi mwaka huu nimeamua kuleta somo. Somo lenyewe ni la mti ambao wazee wetu wengi wameumeza na hata kudungwa sindano yake, lakini hawajapata kuuona umesimama shambani. Mti huo ni mkwinini.

Huenda ukauliza, "Sasa mti wa Amerika ya Kusini unatuhusu nini sisi watu wa Meru na Embu?" Swali zuri. Unatuhusu kwa mambo matatu. Kwanza, ni jamaa wa mbuni, yaani mti wa kahawa ambao umewalipia karo wanafunzi wengi wa huku kwetu. Pili, ulipandwa hapa hapa Afrika Mashariki na ukaingia katika historia yetu. Tatu, na hili ndilo kubwa, sifa ya kwinini imewafanya watu wengi waamini kwamba kitu chochote kichungu kinatibu malaria. Imani hiyo ni ya hatari. Nitaonyesha kwa nini, na shahidi wangu atakuwa historia ya mti wenyewe.

1. MTI WENYEWE

Jina la kitaalamu la jenasi ya mkwinini ni Cinchona. Jenasi ni kundi la mimea inayofanana sana, mfano wa ndugu wa nyumba moja. Kila ndugu ni spishi. Nyumba hii ina spishi zaidi ya 20, na kwao ni milima ya Andes, katika nchi kama Peru, Bolivia, Ekwado na Kolombia. Watu wa Peru wanauthamini mti huu hata wakauchora katika nembo ya taifa lao.

Mkwinini hubaki na majani mabichi mwaka mzima. Majani yake ni mapana na yanang'aa. Maua ni madogo, yamekaa katika vishada, mengine meupe, mengine ya rangi ya waridi, na yana harufu nzuri. Tunda ni ganda linalokauka na kupasuka, na ndani yake mna mbegu nyepesi zenye mabawa membamba, zinazopeperushwa na upepo. Mti huu hupenda ubaridi wa milimani, mvua nyingi na udongo usiotuamisha maji. Kwa ufupi, mahali panapopendeza chai hupendeza mkwinini pia.

Lakini mali yake haiko katika tunda wala ua. Iko katika gome. Ndani ya gome la shina na la mizizi mna kemikali ziitwazo alkaloidi. Alkaloidi ni kemikali zenye nitrojeni ambazo mmea hujitengenezea, na nyingi kati yake ni chungu. Katika gome la mkwinini zilizo maarufu ni nne: kwinini, kwinidini, sinkonini na sinkonidini. Kwinini ndiyo iliyojulikana duniani kote kwa kutibu malaria. Ndugu yake kwinidini imetumiwa na madaktari kutuliza moyo unaopiga ovyo.

2. JAMAA WA MBUNI

Hebu sasa toka nje uende kwenye shamba la kahawa, maana huku kwetu halikosi kuwa karibu. Shika tawi la mbuni, ulitazame bila kulivunja. Utaona majani yametoka mawili mawili, yanatazamana. Sasa angalia vizuri pale kati ya vikonyo vya majani hayo mawili. Utaona kijani kidogo chenye ncha, mfano wa jino. Hiyo ni alama ya familia. Mbuni na mkwinini ni wa familia moja iitwayo Rubiaceae, na mkwinini nao una majani yanayotazamana na alama hiyo. Hata maua ya yote mawili yana umbo la mrija mdogo unaofunguka mwishoni.

Undugu huu hauishii katika sura. Mkwinini hutengeneza kwinini, mbuni nao hutengeneza kafeini, ile inayomfanya mnywaji wa kahawa akeshe. Zote mbili ni alkaloidi, na zote ni chungu. Lakini anayekunywa kahawa hatibiwi malaria hata kidogo! Tayari tumepata fununu kwamba uchungu si kitu kimoja. Tutarudi hapo.

Kwa vile hili ni gazeti la Chama cha Kiswahili, tusipite bila kutazama lugha. Mbuni ninaomtaja hapa si yule ndege mkubwa mwenye shingo ndefu. Mti ni mbuni, matunda yake ni buni, kinywaji ni kahawa, na mkahawa ni mahali tunapokinywea. Vivyo hivyo mti ni mkwinini na dawa ni kwinini. Mkwinini uko katika ngeli ya U-I, mikwinini imepandwa. Nayo kwinini husimama pamoja na sukari na chai, haina wingi.

Na tukumbuke kwamba kahawa yenyewe haikuja kwetu bure. Serikali ya kikoloni iliwazuia Waafrika kuipanda kwa miaka mingi. Ilikuwa katika miaka ya 1930 ndipo wakulima wa Meru, Embu na Kisii waliporuhusiwa kuipanda kwa majaribio. Mimea ya familia hii imeandamana sana na siasa za watu, kama tutakavyoona kwa mkwinini.

3. JINA LILILOPOTEZA HERUFI

Mtaalamu wa mimea wa Uswidi, Linnaeus, aliuita mti huu Cinchona mwaka 1742. Alikuwa anamkumbuka mke wa mtawala wa Kihispania wa Peru, ambaye cheo chake kilitokana na mji wa Chinchón. Angalia vizuri: jina la mji lina h baada ya c ya kwanza, lakini Linnaeus aliiacha. Mpaka leo herufi hiyo haijarudi!

Hadithi iliyosimuliwa ni kwamba bibi huyo aliugua malaria huko Peru, akapewa unga wa gome, akapona, kisha akaupeleka Ulaya. Ni hadithi tamu, na vitabu vingi viliirudia kwa karne nyingi. Mwaka 1941 mtafiti aitwaye Haggis alionyesha kwamba kumbukumbu za wakati ule haziiungi mkono. Ama kweli, hadithi kurudiwa mara nyingi hakuifanyi iwe kweli. Nalo neno kwinini linatokana na kina, neno la wenyeji wa Andes lenye maana ya gome.

4. KUTOKA GOME HADI KIPIMO

Sasa tumefika kwenye kiini cha somo. Gome lilifika Ulaya katika karne ya 17, likiletwa hasa na mapadre Wajesuiti, na unga wake ukaitwa unga wa Wajesuiti. Wakati huo malaria ilikuwa ikiua watu huko Ulaya pia, hasa Italia. Neno malaria lenyewe ni la Kiitaliano, maana yake hewa mbaya, kwa sababu walidhani ugonjwa unaletwa na harufu ya vinamasi. Mbu hakuwa ameshukiwa bado.

Unga huo uliwaponya wengi. Lakini kulikuwa na matatizo mawili makubwa.

Tatizo la kwanza: magome hayafanani. Spishi moja ina kwinini nyingi, nyingine kidogo, nyingine karibu hakuna. Hata miti miwili ya spishi moja inaweza kutofautiana. Kisha wakaja wafanyabiashara wajanja waliochanganya magome mengine machungu na kuyauza kama yale ya kweli. Mgonjwa aliyekunywa kikombe leo na kikombe kesho hakujua amekunywa dawa kiasi gani. Pengine amekunywa nyingi akalewa nayo. Pengine amekunywa uchungu mtupu.

Tatizo la pili: watu waliwapa gome wagonjwa wa kila homa. Mwaka 1712 daktari wa Italia aitwaye Francesco Torti alichapisha kitabu akaeleza kwamba gome linafaa kwa zile homa zinazokuja na kuondoka kwa vipindi, ambazo leo tunajua ndizo malaria. Homa nyingine hazikusikia. Yaani gome lenyewe ndilo lililowafunza madaktari kwamba homa si ugonjwa mmoja.

Jibu la tatizo la kwanza lilipatikana Paris mwaka 1820. Wanakemia wawili, Pelletier na Caventou, walifaulu kuitoa kwinini katika gome ikiwa peke yake. Tangu siku hiyo dawa iliweza kupimwa kwenye mizani. Mgonjwa wa Paris na mgonjwa wa Lima wangeweza kupewa kiasi kilekile. Kabla ya hapo watu walikuwa na gome. Baada ya hapo walikuwa na dawa. Tofauti ya hayo mawili ni kipimo.

Na kipimo si mchezo, kwa sababu kwinini ni kali. Ikizidi, masikio huvuma, kichwa huzunguka, macho hupungua nguvu, na hata kwa kipimo cha kawaida sukari ya mwilini inaweza kushuka vibaya, hasa kwa wajawazito na watoto. Ikipungua, vimelea vya malaria havifi vyote. Njia kati ya sumu na kazi bure ni nyembamba, na mtu hawezi kuipitia kwa kuonja na ulimi.

5. MBEGU ZA MAMANI

Kwinini ilipokuwa mali, kila dola ilitaka miti yake. Huko Andes wakata magome waliangusha miti msituni bila kupanda mingine, ikaanza kuwa adimu. Waingereza na Waholanzi wakatafuta mbegu za kupanda katika makoloni yao ya Asia.

Mbegu bora kuliko zote zilitafutwa na mtu mmoja wa Bolivia, mwenyeji wa kabila la Aymara, jina lake Manuel Incra Mamani. Aliijua misitu na aliijua miti. Mwaka 1865 mbegu alizokusanya zilimfikia Mwingereza aitwaye Charles Ledger aliyekuwa amemtuma. Serikali ya Uingereza haikuzitaka, Waholanzi wakanunua ratili moja, wakapanda katika kisiwa cha Java. Kumbe gome la miti hiyo lilikuwa na kwinini kupita lolote lililojulikana. Katika miti iliyo bora ilizidi asilimia 10 ya uzito wa gome kavu. Kufikia miaka ya 1930, Java ilikuwa ikitoa zaidi ya asilimia 90 ya kwinini ya dunia.

Spishi hiyo iliitwa Cinchona ledgeriana, kwa heshima ya Ledger. Na Mamani je? Alikamatwa kwao kwa sababu ya mbegu, akafungwa, akapigwa, akafa kwa mapigo hayo. Hakuna spishi iliyopewa jina lake. Ndiyo maana mimi nimeipa sehemu hii jina lake, angalau katika gazeti la shule ya kutwa huku kwetu akumbukwe.

6. MKWININI WAFIKA KWETU

Dawa iliyotoka katika gome iliwaponya watu, lakini pia iliwafungulia wakoloni mlango wa Afrika. Zamani Wazungu waliojaribu kuingia bara walikufa kwa malaria kama nzi. Mwaka 1854 daktari Baikie alipanda Mto Niger kwa meli huku watu wake wakimeza kwinini kila siku kujikinga, na hakufa hata mmoja kwa homa. Baada ya hapo wapelelezi, wamisionari na askari walibeba kwinini kama walivyobeba bunduki.

Wajerumani walipoitawala Tanganyika, walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo huko Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, mwaka 1902. Miongoni mwa mimea waliyojaribu ni mkwinini, nao ukakubali. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, meli za Uingereza zilifunga bahari, na dawa kutoka Ujerumani ikawa haifiki. Amani ikatengeneza kwinini kutoka gome la hapo hapo. Waingereza walipoiteka milima hiyo mwaka 1916, jeshi la jenerali Lettow-Vorbeck liliendelea kukimbia kuelekea kusini likichemsha gome na kunywa maji yake. Kinywaji hicho kilikuwa kichungu mno, askari wakakiita kwa mzaha pombe ya Lettow.

Upande wa pili wa vita hiyo walikuwepo watu wetu. Wapagazi wa Carrier Corps, jina lililogeuka likawa Kariakoo kule Dar es Salaam na Kariokor kule Nairobi, walibeba mizigo ya Waingereza. Makumi ya maelfu hawakurudi, na waliouawa na maradhi walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Malaria ilikuwa moja ya maradhi hayo. Watu waliotoka nyanda za juu zenye baridi walishushwa nchi za joto ambako miili yao haikuwa imezoea ugonjwa huo. Liweke akilini jambo hili, maana bado linatokea, ijapokuwa siku hizi hakuna vita.

Mwaka 1942, katika Vita Kuu ya Pili, Wajapani waliiteka Java, na mataifa yaliyokuwa yakipigana nao yakabaki bila kwinini ya kutosha. Mashamba ya Afrika yakapata thamani mpya. Hapa Kenya mkwinini ulipandwa Kericho, jirani na chai. Katika milima ya Kivu, mashariki ya Kongo, Wabelgiji waliupanda kwa wingi, na mji wa Bukavu ukawa na kiwanda cha kutoa kwinini kiitwacho Pharmakina, ambacho jina lake lenyewe limebeba lile neno kina. Katika mashamba ya mkwinini chipukizi la mti wenye kwinini nyingi huunganishwa na shina la mkwinini mwingine wenye mizizi imara. Mkulima wa kahawa wa Meru aliyebadilisha mbuni wake wa zamani kuwa Ruiru 11 au Batian kwa kuuunganisha anaijua kazi hiyo.

7. KWININI HUFANYAJE KAZI?

Malaria huletwa na kimelea kiitwacho Plasmodium, ambacho huingizwa mwilini na mbu jike wa aina ya Anopheles. Kimelea kikishaingia ndani ya chembe nyekundu ya damu, hula hemoglobini, ile inayobeba oksijeni. Lakini akila hemoglobini hubakiwa na taka yenye madini ya chuma, ambayo ni sumu kwake mwenyewe. Kwa hivyo huigeuza iwe punje ngumu zisizomdhuru. Wanasayansi wanaeleza kwamba kwinini huingilia kazi hiyo. Taka haigeuzwi, sumu inajaa, na kimelea hufa kwa uchafu wa jikoni mwake.

Unaona basi? Kwinini haiponyi kwa sababu ni chungu. Huponya kwa sababu umbo la kemikali yake linaingia mahali maalumu katika maisha ya kimelea. Uchungu ni ladha tu inayosikika njiani. Kitu kingine kinaweza kuwa kichungu kuipita na kisiguse kimelea hata kimoja.

8. SISI WA MITEREMKO YA MLIMA

Sisi tunaoishi juu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, tuna bahati ya baridi. Kunapokuwa na ubaridi wa chini ya nyuzi 18 hivi, kimelea hatari zaidi, Plasmodium falciparum, hakikui ndani ya mbu. Lakini bahati hiyo ina upande wake mwingine. Mtu aliyelelewa penye malaria nyingi, kama pwani au karibu na Ziwa Victoria, mwili wake hujenga kinga kiasi. Sisi hatuna. Na watu wetu hushuka kila siku: kwenda Tharaka, kwenda Mbeere, kwenda Mwea kwenye mashamba ya mpunga. Wanakwenda na nguvu, wanarudi na homa.

Binamu yangu alishuka Mwea kuvuna mpunga, akakaa wiki tano. Aliporudi akaanza kutetemeka. Nyanya akachukua gome la mwiria na majani ya muarobaini, akachemsha sufuria nzima. Binamu akanywa siku tatu. Siku ya nne alikuwa anaongea maneno yasiyoeleweka, na watu wanne wakambeba mpaka barabarani kutafuta gari. Hospitalini walipima damu, wakakuta malaria imeingia kichwani. Alidungwa sindano za artesunate, ambayo siku hizi ndiyo inayotangulizwa mahali pa kwinini kwa malaria kali, akarudi nyumbani na vidonge 24 vya AL vya kumaliza kazi.

Baadaye nilimuuliza Nyanya, "Nyanya, mbona ulimchemshia gome?"

Akanijibu, "Mjukuu wangu, sisi zamani tulidungwa kwinini, masikio yakavuma kutwa nzima. Tukaambiwa imetoka kwenye gome la mti. Ilikuwa chungu kama hii yangu. Mimi nikaona chungu ni chungu tu."

Wasomaji, Nyanya si mjinga. Alifikiri kama walivyofikiri wanunuzi wa gome kule Ulaya miaka ya 1600. Kwinini ni gome, kwinini ni chungu, basi gome chungu ni kwinini. Lakini muarobaini asili yake ni India na hauna kwinini. Mwiria, ambao kitaalamu ni Prunus africana, ni wa familia ya waridi, hauna undugu na mkwinini wala kwinini ndani yake. Gome lake husafirishwa ng'ambo kutengenezewa dawa za tezi la wanaume wazee, na limebanduliwa mpaka biashara yake ikawekwa chini ya sheria ya kimataifa mwaka 1995. Ukiubandua mti kuuzunguka shina lote, chakula kutoka majanini hakishuki tena mizizini, na mti hufa. Tunaweza kumpoteza mgonjwa na mti pamoja.

Sisemi miti ya kwetu haina dawa. Mkwinini wenyewe ulijulikana na wenyeji kabla ya maabara, na dawa za artemisinini zilitokana na mmea wa tiba za Kichina uliochunguzwa na Tu Youyou na wenzake katika miaka ya 1970. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Ninachosema ni kwamba mmea uchunguzwe, upimwe, ujulikane unatibu nini na kwa kiasi gani. Wakati uchunguzi unafanywa, mgonjwa asiwe ndiye maabara.

9. USUGU: HATARI YA KUKATIZA

Siku mbili baada ya binamu kurudi nyumbani, mama yangu alikuta vidonge 16 vimefungwa katika karatasi chini ya godoro.

"Hizi ni za nani?" mama akauliza.

"Ni za akiba, shangazi. Mimi si nimepona? Nikienda Mwea tena nitakuwa nazo."

"Malaria haiwekewi akiba," mama akasema. "Turudi hospitali tuulize utazimezaje."

Mama hakusoma biolojia, lakini hapo alisema somo zima. Kipimo cha AL kwa mtu mzima ni vidonge 4, mara 2 kwa siku, kwa siku 3, pamoja na chakula. Ukikatiza, vimelea dhaifu hufa, vile vigumu hubaki, huzaana, na mbu huvipeleka kwa jirani. Ndivyo usugu unavyoenea. Klorokwini ilikuwa dawa nafuu na nzuri, ikazoeleka na vimelea, na mwaka 1998 Kenya ikaiacha. Ikafuata dawa ya SP, nayo ikazoeleka, hata mwaka 2004 ikaamuliwa tutumie AL. Sasa watafiti wamekwisha kuona huko Rwanda na Uganda vimelea vinavyoanza kuvumilia artemisinini. Dawa hazitoki mfukoni kama peremende. Kila moja inayopotea imegharimu watu miaka mingi.

10. TUFANYE NINI?

Kwanza, homa si malaria mpaka damu ipimwe. Torti alijua mwaka 1712 kwamba homa ni nyingi, itakuwaje sisi tusijue? Pili, aliyetoka sehemu za joto akishikwa na homa, amwambie daktari alikotoka, na asingoje siku ya nne. Mficha maradhi kilio kitamuumbua. Tatu, dawa imalizwe, hata kama mgonjwa anacheza mpira. Nne, anayeshuka Mwea, Mbeere au Tharaka abebe chandarua chenye dawa, maana kinga ni bora kuliko tiba. Tano, tuwaeleze wazee wetu kwa heshima, tukiwapa sababu. Nyanya zetu wanasikia sababu.

Mkwinini ulitufunza kwamba ndani ya gome mnaweza kuwa na uhai wa mamilioni. Ulitufunza pia kwamba uhai huo hauko katika uchungu. Uko katika kujua ni mti gani, ni ugonjwa gani na ni kipimo gani.

MASWALI YA MARUDIO

1. Taja alama moja kwenye tawi la mbuni inayoonyesha undugu wake na mkwinini.
2. Kwa nini kazi ya Pelletier na Caventou ya mwaka 1820 ilikuwa muhimu kwa mgonjwa?
3. Eleza kwa nini mtu wa nyanda za baridi hushikwa vikali na malaria akishuka nchi ya joto.
4. "Dawa chungu ndiyo dawa." Jadili kauli hii ukitumia mifano ya kahawa, muarobaini na kwinini.
5. Tunga sentensi mbili ukitumia neno mbuni kwa maana mbili tofauti.